Fanksheni ya mwitikio wa masafa

Fanksheni ya mwitikio wa masafa ni uwiano kati ya mtetemo wa mfumo wa kimakanika na kani inayousababisha, ukichukuliwa kwa kila masafa peke yake. Ikishajulikana, mtetemo X hupatikana kwa kuzidisha kani F tu, X(ω) = H(ω)F(ω), ambapo ω ni masafa katika radiani kwa sekunde, bila kutatua upya milinganyo ya mwendo kila kani inapobadilika. H ni namba changamano: ukubwa wake huonyesha mfumo unasogea kiasi gani kwa kila nyutoni moja, na awamu yake huonyesha unachelewa kiasi gani nyuma ya kani.

Kwa tungamo moja m juu ya springi yenye ugumu k na ufifishaji c, H(ω) = 1/(k − mω² + icω). Masafa yakiwa madogo, springi ndiyo inayotawala. Yakiwa makubwa, tungamo. Katikati, k na mω² hubatilishana, ikabaki c pekee, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Hiyo ndiyo resonansi, na hapo mtetemo huchelewa nyuzi 90 kamili.

Chukua jenereta ya kilo 100 iliyokaa juu ya raba zenye ugumu wa jumla wa N/m 400,000, na uwiano wa ufifishaji, yaani c ikigawanywa kwa 2√(km), wa 0.05. Masafa yake asilia ni takriban Hz 10. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani Hz 25, na rota isiyo na mizani ikaisukuma kwa N 200, inasogea karibu mm 0.1. Sasa izime. Ikishuka hadi mizunguko 600 kwa dakika, kani hiyo inabaki kama N 32, kwa kuwa hufuata mraba wa kasi. Lakini mtetemo, kama mashine ingedumu katika kasi hiyo, ungefika mm 0.8. Kani imepungua mara sita, mtetemo umeongezeka mara nane! Ndiyo maana jenereta nyingi hutikisika vibaya zaidi zinapozimwa kuliko zinapofanya kazi.

Mifumo yenye sehemu nyingi huhesabiwa kwa kujumlisha michango ya namna zake zote za kutetema. Pale hesabu inaposhindwa kukisia ufifishaji, na hushindwa mara nyingi, H hupimwa: fundi hugonga mashine kwa nyundo yenye kihisi cha kani, kihisi cha mchapuko hurekodi mwitikio, na kompyuta hugeuza rekodi zote mbili kwa njia ya haraka ya Fourier iliyochapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965. Kugonga nukta A na kupima nukta B kunapaswa kutoa jibu lilelile kama kugonga B na kupima A.

Yote haya yanadai mfumo uwe mstari: kani ikizidi mara mbili, mtetemo nao uzidi mara mbili. Raba, boliti zilizolegea na maungio yenye msuguano havitii sharti hilo kikamilifu, hivyo kipimo hurudiwa kwa mapigo mepesi na mazito. Kilele cha resonansi kikihama, H iliyopatikana inafaa kwa kiwango kile tu cha kani kilichotumika.