Fahamu 'Beating Heart – Malawi': sauti za kijijini ndani ya biti za house

Mwaka 2016 ilitoka Uingereza albamu ya muziki wa klabu ambayo sauti zake zilirekodiwa miongo mingi kabla. Inaitwa Beating Heart – Malawi. Maprodyuza, wakiwemo Rudimental, walichukua rekodi za zamani za vijijini, wakazikata vipande na kuziwekea biti za house na jamaa zake.

Kwa mtu wa Bagamoyo (ya Tukuyu, siyo ile ya pwani) Malawi ni jirani kabisa. Ukivuka mto Songwe unawakuta Wangonde wa Karonga, na Kinyakyusa chako wanakisikia.

Rekodi hizo ni za Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodia. Mwaka 1950 alipita pia Kenya na Tanganyika. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Kuchanganya si kazi ndogo. Deep house, iliyozaliwa Chicago miaka ya 1980, inakwenda mapigo kama 120 kwa dakika, na dundo lake halichelewi wala kuwahi. Ngoma ya uwanjani haina saa: wachezaji wakipamba moto, inaongeza kasi. Halafu mara nyingi inahesabika kwa tatu, wakati house inahesabu nne. Prodyuza akiinyoosha kwa nguvu anabaki na kelele ya mapambo tu. Akiiacha iyumbe kidogo juu ya besi, hapo watu wanainuka.

Sasa hela. Wasimamizi wa Beating Heart walielekeza mapato kwenye bustani za chakula za shule Malawi. Jambo jema, ila msaada siyo mrabaha.

Kenya walijaribu njia nyingine. ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi kwa wenyewe. Wimbo Chemirocha, uliorekodiwa kwa Wakipsigis mwaka 1950, ulirudi kijijini miaka 65 baadaye, na baadhi ya waliorekodiwa na Tracey walikutwa wangali hai. Waliwezekana kutafutwa kwa sababu Tracey aliandika mahali, tarehe na majina.

Leo ing'oma inarekodiwa kwa simu na kurushwa bila hata jina la mpigaji. Ukitaka kumtumia prodyuza faili, andika kwanza wapigaji na kijiji. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na pa kuulizia ni COSOTA.