Picha za vumbi linalozaa sayari: Mnunuzi analipia nini?

PICHA za sahani za vumbi zinazozizunguka nyota changa, zilizopigwa na darubini za anga za juu, zimekuwa miongoni mwa picha za kisayansi zinazochapwa kwa ubora wa kazi za sanaa na kutundikwa katika kuta za nyumba na ofisi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba picha yenyewe haina bei. Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, kwa kawaida halidai hakimiliki juu ya picha zake, na zile za Hubble na Webb zinazotolewa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, huruhusiwa kuchapwa na hata kuuzwa, mradi mwenye picha atajwe. Kisichoruhusiwa ni kutumia nembo ya NASA ili ionekane kuwa shirika hilo linaunga mkono biashara ya mtu.

Kwa maana hiyo, anayelipa fedha nyingi kwa picha ya aina hii analipia karatasi, wino, fremu na ujuzi wa mchapaji. Si vibaya. Karatasi ya pamba isiyo na asidi na wino wa chembechembe za rangi hudumu miaka mingi bila kupauka, tofauti na bango la kawaida linalofifia kwa jua la dirishani. Lakini ni vema mnunuzi ajue anachokinunua.

Sahani hizo ni nini? Nyota huzaliwa pale wingu la gesi na vumbi linapojikunja kwa uzito wake lenyewe. Kwa kuwa wingu hilo huzunguka, mabaki yake hayaangukii yote katika nyota, bali hutandazika kuizunguka mithili ya sahani. Ndani ya sahani hiyo chembe za vumbi hugongana, hushikana na kukua, hadi nyingine zikawa sayari. Jua letu lilikuwa na sahani ya namna hiyo takriban miaka bilioni 4.6 iliyopita, na Dunia ilitokana nayo.

Dalili za kwanza za vumbi hilo kwenye nyota nyingine zilipatikana mwaka 1983, wakati darubini ya anga ya IRAS ilipogundua joto lisilotarajiwa kandokando ya nyota kadhaa, zikiwamo Vega, Fomalhaut na Beta Pictoris. Mwaka uliofuata wanaanga Bradford Smith na Richard Terrile, wakiwa Las Campanas nchini Chile, waliipiga picha sahani ya Beta Pictoris, iliyo umbali wa miaka ya nuru 63.

Darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 24, 1990, ndiyo iliyozifanya sahani hizo zijulikane kwa umma. Katika wingu la Orion ilionyesha nyota changa zilizozungukwa na vumbi jeusi, kama vivuli mbele ya gesi inayong'aa. Darubini ya Webb, yenye kioo cha upana wa meta 6.5, ilirushwa Desemba 25, 2021, na Mei 2023 ikatolewa picha yake ya Fomalhaut ikionyesha mikanda mitatu ya vumbi, mmoja ndani ya mwingine.

Suala la rangi ndilo linalozusha maswali mengi. Kamera za darubini hizi hupiga picha zisizo na rangi, kila moja kupitia kichujio kinachoruhusu aina moja ya mwanga. Wataalamu huzipa rangi baadaye na kuziunganisha. Webb hutumia mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni kabisa, hivyo rangi ya chungwa katika picha ya Fomalhaut imechaguliwa na binadamu. Huo si udanganyifu, kwani umbo na tofauti za mwangaza zimepimwa kweli. Hata hivyo, muuzaji anayedai kwamba ndivyo mtu angeona akifika huko anapotosha.

Vivyo hivyo kwa doa jeusi linaloonekana katikati ya baadhi ya picha hizi. Hilo si shimo angani. Ni mahali ambapo kifaa ndani ya darubini kimeuziba mwanga mkali wa nyota ili vumbi hafifu lionekane, kama mtu anavyokinga jua kwa kiganja.

Ukubwa nao una mipaka yake. Picha maarufu ya wingu zima la Orion iliyotolewa na Hubble mwaka 2006 ina vidoti 18,000 kwa 18,000. Ikichapwa kwa vidoti 300 kwa inchi hufikia upana wa meta moja na nusu bila kupoteza ukali. Lakini sahani moja ndani ya wingu hilo huweza kuwa na upana wa vidoti 20 au 40 tu, yaani milimeta mbili au tatu kwenye karatasi hiyo. Kitambuzi cha kamera ya Webb iliyoipiga Fomalhaut kina vidoti 1,024 kwa 1,024, sawa na sentimeta tisa hivi. Bango la meta moja la sahani kama hiyo limekuzwa kwa kompyuta, na ukubwa huo hauongezi lolote lililoonwa na darubini.

Maelezo yaliyo chini ya picha pia hustahili kusomwa. Novemba 2008, mwanaanga Paul Kalas na wenzake walitangaza kuwa Hubble imeona sayari katika vumbi la Fomalhaut. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kuwa kitu hicho kilikuwa kinafifia na kutawanyika, na kwamba yaelekea kilikuwa wingu la vumbi lililotokana na mgongano wa miamba. Nakala iliyochapwa na maelezo ya 2008 ni picha halali yenye maelezo yaliyopitwa na wakati.

Kuziona nyota zenyewe hakuhitaji fedha. Maeneo kama Marambo, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, yako mbali na taa za miji mikubwa. Kwenye nusu ya pili ya Oktoba, wakati wa mavuno ya korosho, Fomalhaut huwa juu sana mnamo saa 3 usiku, ikiegemea kusini kidogo. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake kinywa cha samaki. Wenye elimu ya falaki wa pwani bado huiita buruji ya samaki Hutu. Beta Pictoris hufika mahali pazuri mwishoni mwa Januari, ila huo ni msimu wa mvua kusini na mawingu huwa mengi. Sahani zenyewe hazionekani kwa macho.

Ruangwa inafahamika pia kwa madini ya kinywe, ambayo ni kaboni. Kinywe cha huko kilifanyika ndani ya miamba ya Dunia, lakini punje ndogo mno za kinywe zilizo kongwe kuliko Jua zimepatikana katika vimondo vya kundi adimu linaloitwa CI.

Herufi I katika jina hilo inasimama badala ya Ivuna, kijiji kilicho karibu na Ziwa Rukwa, ambacho sasa kipo mkoani Songwe. Desemba 16, 1938 kimondo kilianguka hapo na kuokotwa takriban gramu 700. Mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana sana na ule wa Jua, ukiondoa gesi, hivyo wanasayansi hukitumia kama kipimo cha sahani iliyotuzaa. Udongo wa asteroidi Ryugu, ulioletwa Duniani na chombo cha Japani Desemba 2020, ulipopimwa ulionekana kufanana nacho.

Wageni wanaofika Mbozi, katika mkoa huohuo, huonyeshwa kimondo kikubwa cha chuma chenye uzito wa takriban tani 16. Cha Ivuna hakipo hapo. Kipande chake kimojawapo kilinunuliwa mwaka 2008 na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani.