Posho ya Mama, Ujira wa Mfanyakazi: Likizo ya Uzazi Nchini Australia, 1912–2014

Mwaka 1912 serikali ya Australia ilianza kuwalipa akina mama pauni 5 kwa kila uzazi. Aliyeolewa na asiyeolewa walistahili sawa. Waaborijini, Waasia na wenyeji wa visiwa vya Pasifiki walinyimwa. Fedha hizo alipewa mama kwa kuwa ni mama, wala si kwa kuwa ni mfanyakazi. Likizo ya wiki 52 iliyoamuliwa mwaka 1979 ilimlindia mwanamke kazi yake, lakini haikuwa na malipo.

Sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kutekelezwa Januari 2011, ilitoa wiki 18 kwa kima cha chini cha mshahara, kwa aliyezaa na kwa aliyeasili mtoto. Hazina ya serikali ndiyo iliyogharimia, ila kwa kawaida mwajiri ndiye aliyekabidhi malipo. Jambo hili linaweza kuonekana kuwa la kihasibu tu. Utafiti huu unaliona kuwa kiini cha sheria yenyewe: mama alibaki katika orodha ya mishahara. Sharti lilikuwa kufanya kazi miezi 10 kati ya 13, kwa saa zisizopungua 330, hivyo hata vibarua wengi walistahili. Asiyefikisha saa hizo aliachiwa posho ya mtoto, iliyofutwa mwaka 2014.