Kodi nafuu, paa linavuja

Mpangaji mmoja wa Tunduma aliniuliza: tukijengewa nyumba za bei nafuu, nani atazikarabati? Swali hilo si geni. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likajenga nyumba za kupangisha mahali pa vibanda Dar es Salaam. Mwaka 1990 likakabidhiwa pia majumba ya Msajili, yaliyotaifishwa kuanzia 1971. Kodi zilibanwa kisheria, huku gharama za matengenezo zikipanda. Mpangaji alipata nafuu, nyumba zikachakaa. Lakini ukarabati wote akibebeshwa mpangaji, si nyumba ya mnyonge tena. Songwe, mkoa tangu 2016, tunapopanga kujenga, tutenge pia fungu la matengenezo, na mlipaji ajulikane mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.