Nyota Zilipofichwa na Mawingu



Wapendwa, sisi tunaoishi Tukuyu twajua maana ya kukaa majuma bila kuona nyota. Mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa Rungwe hushuka hata mlangoni. Juma hili tuwatafakari wasafiri wa kale, ambao kwao anga lililofungwa lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia kibao chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kwa Kiarabu kamal. Uzi ulishikwa kwa meno, na kibao kikapima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Upeo ukifunikwa na mawingu, kibao hakikufaa kitu. Nahodha alitupa bildi kupima kina. Ndivyo walivyofanya mabaharia waliomchukua Mtume Paulo, jua na nyota zilipofichika siku nyingi (Mdo 27:20-28).

Huku bara wasafiri walibeba sekstanti na saa. Kwa kuwa upeo wa bahari haupo, waliitazama nyota katika zebaki iliyomiminwa sahanini. Upepo ukiitikisa, kipimo huharibika. Saa nayo ikikosea dakika 4, mahali husogea digrii 1, yaani takriban kilomita 110 karibu na Ikweta. Saa za David Livingstone zilianguka njiani mwaka 1867, na mwanzoni mwa 1873 mvua na mawingu vilimzuia kupima nyota karibu na Ziwa Bangweulu. Alihangaika vinamasini akiwa mgonjwa, akafariki kijijini kwa Chitambo Mei 1873.

Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake. Huko Unyanyembe Luteni Cameron alichukua vyombo kadhaa vya kupimia. Wao waliendelea kwa kufuata njia na kuwauliza wenyeji, hata Februari 1874 wakapokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu Bagamoyo. Mwaka 1879 Chuma huyohuyo aliongoza msafara wa Keith Johnston. Mtaalamu huyo wa ramani alifariki Behobeho mwezi Juni; Chuma akaendelea na kijana Joseph Thomson hadi kaskazini ya Ziwa Nyasa, jirani yetu kabisa.

Ramani huwakumbuka waliopima nyota. Waliojua njia mawingu yalipotanda hutajwa mara chache. Tuwakumbuke. Nasi ukungu unapofunga mlima, tusione haya kumwuliza jirani njia.

Mungu awabariki.