Siku Isiyoandikwa Katika Kipande



Liko neno katika lugha yetu linalotufikirisha: kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake.

Wazee wetu wa Kakamega waliyajua hayo. Kuanzia mwaka 1919 na 1920, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuwa na kipande. Humo ziliwekwa alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake. Alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Wengi waliajiriwa kwa tikiti ya siku 30. Siku ya kazi ilitiwa alama. Siku ya ugonjwa haikuhesabiwa.

Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana hapa kwetu. Desemba 1932 serikali ikaibadilisha sheria ya ardhi ya mwaka 1930, mwenyeji aweze kuondolewa shambani kwa fedha, bila kupewa shamba jingine. Shemasi Mkuu W. E. Owen, wa Kanisa letu la Anglikana, alipaza sauti. Kabla ya hapo alikwisha kupinga wanawake na watoto kulazimishwa kutengeneza barabara. Walowezi wakamchukia, wakakigeuza cheo chake kwa dhihaka, wakamwita pepo mkuu. Yeye hakunyamaza.

Farao naye aliwaita Waisraeli wavivu walipoomba kwenda kumwabudu Mungu (Kutoka 5). Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 5, Mungu anapowaamuru kupumzika anawakumbusha kwamba walikuwa watumwa. Mtumishi apumzike, na ng'ombe pia. Amri hiyo haisifu uvivu, kwa maana inatupa siku sita za kazi. Lakini tazameni kitabu cha Mwanzo: mtu aliumbwa siku ya sita, na siku iliyofuata Mungu akapumzika. Basi siku kamili ya kwanza ya mwanadamu ilikuwa ya mapumziko. Alipendwa kabla hajalima hata tuta moja.

Kile kikebe hakipo tena shingoni, lakini wengi wetu bado tunakivaa moyoni. Baba aliyeachishwa kazi huona haya kuketi na wenzake. Mama mgonjwa husema, "Mimi sasa ni mzigo tu." Mzee asiyeweza kushika jembe hudhani amekwisha. Tuwaendee Jumapili hii. Tusiwaulize wanafanya nini siku hizi. Tuketi nao, tule nao, tuwaite kwa majina yao.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetujua kabla hatujafanya lo lote, utupumzishe kwako, wala tusimhesabu ndugu yetu kwa siku zake za kazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.