Theluji Penye Ikweta

Kampala i karibu na ikweta, lakini haina joto la Mombasa, kwani imeinuka mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 tupandazo, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana, katika vilele vya Ruwenzori, mvua za masika na vuli huanguka zikiwa theluji. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu ya mlima huo ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba. Leo haifiki hata 1. Wakonzo huiita nchi yao Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Tufundishapo neno theluji, huwaelekeza wanafunzi mlimani huko. Barafu ikiisha, jina litabaki bila shahidi.